Jointi Mlangoni kwa Mshonaji

Walimzika mama yake Jumamosi, na Jumatatu alikuwa kazini, ndani ya gari la vipimo, kompyuta mapajani. Msimamizi wake alishangaa kumwona.

"Dada, si tulikupa likizo?"

"Nyumbani nitafanya nini?" Hakuuliza kwa uchungu. Alitaka kujua kweli.

Kazi yake ilikuwa kebo za umeme zilizofukiwa chini ya ardhi. Wenzake walimwita Daktari, kwa kuwa aligundua ugonjwa mgonjwa akiwa bado anatembea. Ndani ya ganda la kebo huweza kuzuka cheche ndogo mno, zisizozima hata taa moja, ila zinalila ganda kidogo kidogo mpaka siku moja mtaa mzima unaingia gizani. Kila cheche hutuma mshtuko pande zote mbili za kebo. Programu yake huudaka mshtuko unaofika kwanza, kisha ule uliokwenda kugonga mwisho wa kebo na kurudi, na kwa tofauti ya muda inakokotoa cheche iko umbali gani.

Asubuhi hiyo walihamishia umeme wa mtaa kwenye laini nyingine, wakaipima kebo. Vitone vyekundu vikajikusanya mahali pamoja kwenye skrini. Akawaonyesha wachimbaji pa kuchimba, akarudi kukaa. Tangu mazishi watu waliongea naye akawasikia kwa mbali, kama walio chumba cha pili.

Wachimbaji walichimba hadi jua likawa kali. Kebo ikaonekana, nzima, safi kabisa.

"Daktari," mmoja alitania akijifuta jasho, "hiyo programu yako leo imeamkaje?"

Programu haikuwa na kosa. Alipokagua aliona ameingiza urefu wa kebo nyingine, ile ya mtaa wa jirani. Hakuwahi kukosea hivyo. Akasubiri aibu imshike. Haikuja.

"Nimekosea mimi," akamwambia msimamizi. "Fukieni."

Akasahihisha. Vitone vikasogea hadi mlangoni pa duka la mshonaji, wachimbaji wakaanza upya.

Mshonaji, mama wa makamo mwenye futi ya kupimia shingoni, alitoka mbio. "Taa zangu zinawaka, cherehani inazunguka, nyie mnanichimbia kaburi mlangoni?"

Wachimbaji wakainamisha vichwa. Msimamizi akakohoa. Daktari ndiye aliyejibu, kwa sauti yake ya kila siku.

"Hapana, mama. Kaburi ni refu kuliko shimo hili. Tutafukia kabla hujafunga duka."

"Jamani, mbona mmeinamisha vichwa? Nimesema nini?"

Msimamizi akamnong'oneza. Mshonaji akajiziba mdomo kwa kiganja.

Safari hii walikuta jointi, pale kebo mbili zilipounganishwa zamani. Walipoipasua, ndani mlikuwa na mistari myeusi iliyounguzwa na cheche, imetawanyika kama mizizi ya nyasi. Wachimbaji wakampigia makofi. Akasema asante. Alijua ni siku njema, kama mtu anayeambiwa na wengine kwamba mchuzi umekolea.

Mafundi walipokuwa wakiunga upya, mshonaji alileta kiti cha plastiki.

"Mwanangu, umekula?"

Akafikiri. "Sikumbuki."

"Basi kaa."

Akamletea chai na mkate, akasimama kando yake mpaka akamaliza. Hakuuliza lolote kuhusu marehemu. Alichukua kikombe, akarudi kushona.

Walipofukia shimo, msimamizi alimwambia, "Kesho usije. Si adhabu."

"Sawa."

Akaenda kwa dada yake mkubwa, akakaa wiki nzima. Kila dada alipoanza kulia, yeye alimshika bega; dada akitulia, yeye alienda kuosha vyombo. Kilio chake mwenyewe hakikuja wiki hiyo, wala aliporudi kazini. Alipima kebo, akaingiza urefu, akaukagua mara mbili. Watu walipomuuliza hali alisema, "Nipo," nao wakaridhika, wakaendelea na mambo yao.