Kioo Kipana Mbele ya Mtumbwi

Tonton wangu, mdogo wake mama, alisikia samaki kwa meno. Wenzangu ninaokutana nao mtaa wa Makiso kusomeana tulichoandika hudhani hapa napamba, lakini hii ndiyo ilikuwa kazi yake. Mtumbwi ulipofika mahali maji yanapopumzika, chini ya maporomoko, aliinua mkono na makafi yote yakatulia. Alichovya kafi lake mpaka ubapa ukazama, akauma mpini kwa meno ya mbele, akafumba macho. Mngurumo wa kambare ulipanda kwenye mti hadi tayani, na kutoka tayani ukaingia mahali fulani kichwani mwake ambapo sisi wengine hatuna mlango.

Hapo hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa. Kisha binamu yangu mkubwa, mwanawe, aliyeshika wavu, aliuliza swali ambalo lazima liulizwe.

"Papa, wanasema nini?"

Tonton aliutoa mpini mdomoni, akajibu. "Wanagombana kule upande wa kisiwa, wako wengi." Au siku nyingine: "Leo wamefunga mdomo kama watu wa Kwaresima. Turudi tu." Wavu haukugusa maji kabla ya swali hilo na jibu lake. Ndivyo walivyovua tangu babu yangu, na kiti cha mbele kilikuwa cha yule anayeuma kafi.

Halafu ufizi wake ukaoza. Hospitali wakang'oa meno ya mbele, juu na chini, wakampa ya bandia yaliyocheza mdomoni kama viti vya nganda ya kunywea pombe. Alipouma kafi, mti ulimtekenya tu. Msimu mzima alikisia. Alisema wako kisiwani, wavu ukarudi na majani. Nilikuwa nao mara moja, nikaona wanawe wawili wakitazamana nyuma ya mgongo wake, na mgongo ule nao ulijua unatazamwa.

Jioni hiyo, tukila fufu na pondu, binamu mdogo alisema kwa upole, "Papa, bon, si upumzike? Ubaki na mama sokoni."

Tonton akaendelea kutafuna upande mmoja, polepole. Kesho yake akaja kwangu.

"Wewe unasomaka vitu vingi vya ovyo," alisema. "Nasikia kuna mashine ya kuona samaki. Tukatafute."

Ninakumbuka asubuhi ile kwa uchungu kwa sababu ilikuwa nzuri. Tulipanda toleka mbili, baiskeli zetu zikienda sambamba, naye akamtania kijana aliyembeba kwamba anakanyaga kama anayekwenda kulipa kodi. Muuzaji alikuwa mtu wa Maniema mwenye kofia ya kufuma, na dukani kwake, kati ya mota za mitumbwi na taa za sola, alikuwa na mashine tatu. Aliziita sonda.

Ya kwanza ilikuwa mpira mdogo kama ndimu. Unaurusha majini, nao unatuma picha kwenye simu. "Iko modern kabisa, papa," alisema muuzaji.

"Hapa kwetu ukirusha ndimu majini, utaenda kuiokota Kinshasa," alijibu tonton. Muuzaji akacheka mpaka akakaa.

Ya pili ilienea kiganjani. Kioo chake kilikuwa kidogo, karibu kisionekane juani, lakini ilikuwa nyepesi, betri yake ilidumu, na ilikuwa na waya wa sikioni. Samaki mmoja akipita chini, inalia mara moja. Wakipita wengi, inalia mfululizo.

Ya tatu ilikuwa pana kama sahani. Inabanwa kwenye ukingo wa mtumbwi, jicho lake linazamishwa kwa waya, na samaki wanatokea kwa rangi, wazi hata mchana wa jua kali. Betri yake ilikuwa nzito kama tofali.

Niliichukua ile ya pili, nikamwekea waya sikioni, muuzaji akabonyeza kitufe cha kujaribia. Tonton akafumba macho. Mdomo wake ukafunguka kidogo, kisha ukafunga, kana kwamba fizi zimeuma kitu.

"Inalia kama kifaranga," alisema.

Alisikiliza muda mrefu. Halafu akautoa ule waya, akaufuta kwa shati, akanirudishia.

"Hapana. Hii nitasikia peke yangu. Watoto watasema mzee anaota. Nipe ile kubwa, waone kwa macho yao."

Nilimwona ana haki. Mtu asiyeaminiwa hutaka shahidi, na kioo kile kilikuwa shahidi mpana. Niliirudisha ile ndogo kwenye kabati kwa mkono wangu mwenyewe, na mpaka leo kiganja kinakumbuka wepesi wake.

Siku ya kwanza majini, tonton aliibana mbele yake, akaketi wima kama bwana harusi. Tulipofika kwenye maji yaliyotulia, kioo kikajaa alama za njano.

"Wale pale!" akapiga kelele binamu mdogo. "Kaka, kushoto! Papa, inama kidogo, unatuziba."

Tonton aliinua mkono, kama alivyouinua maisha yake yote. Makafi yakaendelea. Wavu ukaruka juu ya kichwa chake, ukaanguka majini, na hakuna aliyeuliza kitu. Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha akaushusha, akafutia matone kwenye kioo.

Tulivua vizuri. Njia nzima ya kurudi waliimba, na mimi niliimba nao.

Baadaye binamu mdogo alihamia kiti cha mbele, donc, kwa sababu macho yake ni makali. Tonton akakaa katikati, akikomba maji kwa kopo. Halafu akabaki ufukweni kushona nyavu. Hakuna aliyemfukuza. Wanawe wanampenda, humletea samaki wa kwanza kila wanaporudi. Ila hakuna tena kitu ambacho yeye anakijua na wao hawakijui.

Mwezi uliopita niliketi naye pale kwenye nyavu, maporomoko yakinguruma nyuma yetu. Nikamwuliza, "Tonton, wanasema nini?"

Akacheka, akaziba mdomo kwa mkono. "Muulize televisheni yao."

Akashona. Alipofika kwenye tundu kubwa akasimama, akauliza bila kuniangalia, "Ile ndogo, ya kifaranga. Iko bado kule?"

Sikungoja kesho. Nilipanda toleka mpaka dukani. Muuzaji alinikumbuka, akamtaja na yule mzee wa ndimu, akacheka tena. Lakini ile ndogo ilikuwa imenunuliwa na mtu wa Ubundu, na nyingine kama ile hajaipata.

Nilirudi kwa miguu. Tonton aliona mikono yangu mitupu kutoka mbali.

"Nani aliichukua?"

"Mtu wa Ubundu, tonton."

Akatazama juu ya mto, upande wa Ubundu, maji yanakotoka.

"Basi kuna mtu kule anasikia," alisema, kisha akaninyooshea sindano nimtungie uzi, kwa sababu macho yake nayo yameanza kuchoka.