Gurudumu la Upande wa Ukingo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu lenyewe nitaikumbuka. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa amesimama nje ya nyumba yetu ya Wembley akilitazama gari lake kwa jicho baya. Nimeikumbuka leo kwa sababu umekuja kuniuliza juu ya kijana wako wa Woolwich, utamjuaje kama ni mkweli. Kaa basi unywe chai, maana jibu langu linapitia chini ya gari kuukuu.

Baba alikuwa mtu wa kushuku, na mimi nimemrithi, sikatai. Wakati huo Hamad alikuwa ameleta posa. Kwetu Pemba posa ikija, watu hutumwa mtaani kwa kina kijana wakaulize: anaswali, anagombana, mama yake anasemaje. Hapa London utamtuma nani, na wapi? Hamad alikuja nchi hii peke yake, hana ami wala mjomba wa kuulizwa. Basi baba akabuni uchunguzi wake mwenyewe. Kulikuwa na hitima Woolwich, akampa Hamad gari akachukue masufuria ya pilau ayarudishe Wembley, apate kumpima. Masufuria yakarudi salama, yameoshwa. Gari likarudi linanguruma.

Si ngurumo ya injini. Ilikuwa sauti nzito ya chini, ukienda polepole huisikii, ukiongeza mwendo nayo inaongezeka, mpaka kwenye barabara kubwa ikabidi tupandishe sauti kuzungumza. Baba aliamini inatoka kulia, kwenye dirisha lake. Akalipeleka gereji, akawaamuru wabadilishe beringi ya nyuma kulia, zile gololi zinazolifanya gurudumu lizunguke laini. Wakabadilisha, na ngurumo ikabaki vilevile. Hapo akawashuku mafundi, akamshuku na aliyewauzia beringi, lakini zaidi alimshuku Hamad. Alisema kijana amepanda ukingo wa njia na masufuria yake, kisha akaficha. Akamwambia mama kwamba mtu anayeficha pigo la gari ataficha na mengine, na posa hiyo hataijibu. Mimi nilikuwa jikoni nikasikia kila neno, na chai ikanishinda kunywa.

Usinidhanie nilimtetea. Nilimpenda, ndiyo, lakini nami nilijiuliza kwa nini siku ile alichelewa kurudi. Dalili ya mvua ni mawingu.

Jumamosi hiyo baba akamwita.

"Niambie kweli, Hamad. Uligonga wapi?"

"Sikugonga popote, Mzee."

"Gari ilitoka hapa haina sauti."

"Labda ilikuwa nayo kidogo, hatukuisikia. Tuitoe barabarani tusikilize."

Baba akashika usukani, Hamad akakaa kando yake, na mimi nikajipenyeza nyuma kwa kisingizio kwamba nataka bizari za maduka ya Kingsbury. Barabara ilipokuwa tupu Hamad akamwomba baba avute usukani kidogo kulia. Ngurumo ikapanda. Akamwomba avute kushoto, ikashuka. Wakarudia, ikawa hivyohivyo.

"Ukivuta kulia, uzito wa gari unalalia kushoto," Hamad akasema. "Inayolia ni beringi ya nyuma kushoto, Mzee."

Mwanangu, moyo wangu ulishuka. Nchi hii tunaendesha kushoto, na gurudumu la kushoto ndilo linalopita karibu na ukingo. Mtu akipanda ukingo, huupanda kwa hilo. Angeweza kuitikia tu kwamba sauti inatoka kulia, akamwachia baba agombane na gereji mpaka mwisho wa dunia. Kumbe amejitia kitanzini mwenyewe.

Baba naye aliliona. Akasimamisha gari pembeni.

"Unajua kushoto ni upande wa ukingo?"

"Najua."

"Na bado unasema kushoto?"

"Ndiko inakolia, Mzee. Nikinyamaza itaendelea kulika, na siku moja gurudumu litakwama ghafla, na watu wa nyumba yako wote wamo ndani ya gari."

Tukarudi nyumbani, bizari hakuna aliyezikumbuka. Hamad akaweka matofali mbele ya magurudumu ya mbele, akainua nyuma kwa jeki, akalizungusha gurudumu la kushoto kwa mkono. Likasaga kama kinu chenye mchanga. Kisha akabandua kifuniko cha plastiki kinachoficha rimu, kile chuma kinachobeba tairi.

"Mzee, njoo uone hapa," akasema.

Rimu ilikuwa na bonde la kugongwa, kubwa, halina ubishi. Nilimtazama baba usoni nikajua posa imekwisha. Lakini baba akachuchumaa, akatia mate kwenye kidole gumba, akasugua. Kutu ya pale bondeni haikutoka. Ilikuwa imeshaota ndani ya chuma. Akasugua tena, kwa nguvu zaidi.

"Kutu hii si ya wiki iliyopita," akasema mwishowe. "Aliyegonga ni mimi. Nje ya msikiti, kwenye mvua. Nilidhani ni tairi tu."

Nyani haoni kundule, mwanangu, na Mungu anisamehe kumsemea baba yangu hivyo. Lakini wangapi wakiliona hulitangaza mbele ya binti yao na mposaji wake? Nilimpenda baba zaidi siku ile. Wakaing'oa beringi ya zamani pamoja, mafuta yake yamekauka, maji yameingia, gololi zimechimbika, wakatia mpya. Jioni tukatoka na mama, gari likaenda kimya, tukamsikia anavyopumua. Na kule kuchelewa kwa Hamad, kumbe alibaki Woolwich kuyaosha masufuria.

Hamad alipokuwa ananawa mikono baba akamwambia, "Lete mzee wiki ijayo aje aseme posa. Najua huna wa kwenu hapa, mwombe yeyote msikitini. Sitamuuliza kitu." Nilikimbilia chumbani nikalia, nikajipangusa, nikarudi kupakua chakula. Huyo ndiye babu yako anayekoroma chumba cha pili.

Sasa sikia, maana hili ndilo ulilolijia. Sikwambii usimshuku kijana wako. Mshuku, mji huu mkubwa na watu wanajua kujipamba. Ila jambo lipime kwanza, ndipo umhukumu mtu, kwani sikio lako hukuelekeza upande uliokaa wewe. Njia ya mwongo ni fupi, nawe huna haja ya kumfukuza. Ngoja tu siku ambayo kweli itamuumiza yeye mwenyewe, na uongo upo karibu, rahisi, hakuna atakayejua. Akiisema kweli siku hiyo, niletee posa yake. Asipoisema, nirudishie hadithi yangu tutafute mwingine.

Mungu akupe mume asiyekuficha hatari iliyo chini yako, akupe na moyo wa kumwamini akikuambia. Amin.