Jungu la Penina na ndoo ya Arafa

Kumepambazuka mtaani Makole, na Penina Ndahani ameinama juu ya sufuria ya maharage mekundu yanayotokota kwa fujo kwenye jiko la mkaa. Povu linapanda, analiengua. Juu ya meza, jungu lake la umeme linasubiri, halijachomekwa.

"Kwanza yachemke hivi, kuchemka kwa kweli, si chini ya dakika kumi," anasema. "Ndipo nayahamishia kule yajipikie taratibu hadi mchana."

Mama lishe huyu wa miaka arobaini na tatu, mzaliwa wa Mvumi, anajulikana kwa wateja kama Mama Gladness. Wengi wao ni mafundi wanaojenga ghorofa jirani. Jungu hilo aliachiwa mwezi wa pili na mwanamke aliyehama mji, ambaye Penina alikuwa akimfulia nguo. Linapika kwa moto mdogo: unaweka chakula, unafunika, unaendelea na mambo yako. Mwandishi wa makala haya alikuja kuandika habari njema ya mama aliyeachana na mkaa wa shilingi elfu tatu kwa siku, na kalamu ilikuwa tayari.

"Usiandike hivyo," Penina anasema. Anafuta mikono kwenye kanga, na anaendelea kuifuta hata baada ya kukauka.

Siku alipolipata jungu, alijitapa mtaa mzima kwamba mkaa ameshauaga. Usiku alichukua maharage aliyoloweka, akayatia mabichi junguni, akalala usingizi mnono. Asubuhi wateja wakaanza kupita. Kwa mama lishe mtu haagizi kabla ya kuchungulia, na kila aliyepita alisema, "Funua tuone." Penina akawa anafunua. Kila akifunua, mvuke unatoka wote na jungu linaanza upya kujipasha.

"Mchana yalikuwa na kaugumu. Nilionja, nikajua. Lakini watu wamekaa, wana njaa, na mimi nimeshajisifu. Nikapakua, na mwenyewe nikala."

Jioni haijafika, mafundi watano walikuwa wanatapika huku wameshika ukuta. Baada ya kula walikuwa wameshushia na maziwa mgando ya Arafa, dada aliyekuwa akiuza kwa ndoo hatua chache kutoka kwa Penina. Kesi ikaamuliwa hapo hapo. Kesho yake fundi Yoramu, mkubwa wao, akaimwaga ndoo ya Arafa barabarani, watu wakiangalia.

Penina alikuwa amesimama na upawa mkononi. Naye alikuwa ametapika, na maziwa hanywi kabisa, yanamwasha mwili. Asubuhi ileile muuguzi wa zahanati alikuwa amemweleza: maharage mekundu mabichi yana sumu inayoisha kwa kuchemshwa kwa nguvu, na moto mdogo hauiwezi.

"Nilijua," anasema. "Nilijua na nikanyamaza. Aibu ilinifunga mdomo."

Sauti yake inazidi kushuka. Wiki ile Arafa alisikia kwamba Penina naye aliugua, akaenda nyumbani kwake na mfuko wa machungwa.

"Akaniambia, 'Dada Penina, nisamehe, sijui maziwa yangu yaliingiwa na nini.' Nikamwambia, 'Yamepita, mdogo wangu.' Na machungwa nikapokea. Watoto wangu wakayala."

Ni aibu hata kuiandika. Tangu hapo Arafa hajauza maziwa. Anaponda kokoto pembezoni mwa mji.

Saa saba mchana wateja wanafunuliwa jungu kwa mara ya kwanza. Aliyetaka kuchungulia asubuhi aliambiwa asubiri kama wenzake. Nyanya zilitiwa mwishoni, kwa kuwa zikitangulia maharage hukawia kulainika. Leo yameiva, ni laini kabisa. Yoramu anapokea sahani yake.

"Fundi, kabla hujala," Penina anasema kwa sauti inayowafikia wote. "Siku ile mlitapika kwa sababu ya maharage yangu. Arafa hakuwakosea kitu."

Mmoja anacheka akidhani ni utani, kisha anaacha.

"Mama Gladness," Yoramu anasema, "wewe uliniona nikiimwaga ile ndoo."

"Nilikuona."

"Na mchana ukanipakulia."

"Nikakupakulia."

Yoramu anaweka sahani chini bila kuonja na kuondoka. Wawili wanamfuata. Waliobaki wanakula, macho kwenye sahani, na Penina hawalaumu walioondoka.

Kesho hatapika. Atakwenda kwa Arafa kumwomba arudi na ndoo yake, mahali palepale ambapo hadi leo hajakaa mtu mwingine. Mwandishi alimuuliza itakuwaje asiposamehewa.

"Ni haki yake," Penina anasema. "Yeye aliniomba msamaha kwa kosa langu, na mimi nikajifanya kumsamehe. Nataka tu asikie kutoka mdomoni mwangu kwamba maziwa yake yalikuwa mazima."