Nilivyongoja Sahani Ndani ya Boti

Shule niliacha mapema, lakini maduka yangu Arua nilijenga kwa jasho langu. Kwa hiyo aibu yangu pia nitaisema mwenyewe.

Baada ya msiba nyumbani, binti yangu Ezaru alinipeleka matembezi ya boti Mto Nile. "Baba, kila kitu imelipiwa. Kula, furahi." Kisha akapanda juu kupiga picha.

Mchana chakula kikawekwa kwenye meza ndefu, na abiria wakajipakulia. Mimi nikanyoosha miguu kama chifu, nikangoja. Kwetu Logiri mwanaume hajipakulii.

Mhudumu akaja. "Mzee, mbona haukuli?"

"Nangoja mama ya nyumba. Ataleta."

"Mama iko wapi?"

"Iko huku huku."

Msichana wa watu akamtafuta chooni, akamtafuta juu, akarudi na nahodha. Injini ikazimwa, maana walidhani mama ameanguka majini. Abiria wote wakachungulia mto. Hata mimi nilisimama, nikachungulia.

Ezaru akashuka mbio, akanishika mkono mbele ya wote.

"Baba," akasema polepole, "mama tulimzika."