Mapazia ya Daktari Clemensi

Koko Nalotuesha, yaani Bibi Nalotuesha, amejenga nyumba saba kwa mikono yake, na kila moja aliitoboa tundu la mwanga palepale alipotaka yeye. Kwetu Wamasai, huku upande wa Endulen, mwanamke ndiye anayejenga na kuupaka ukuta samadi, kwa hiyo nyumba ni yake. Mume akichoshwa na moshi, mlango anaujua. Bibi wa namna hiyo ndiye aliyeajiriwa kufagia zahanati ya kitongoji chetu.

Bosi wake ni Clemensi, tabibu kijana kutoka Karatu. Ni mpole, ila mapazia yalimponza. Alileta mazito, rangi ya damu ya mzee, yana marinda kama ya ukumbi wa harusi. Akawa anayafunga kutwa nzima, kisha saa nne asubuhi anawasha taa nne ili aone anachoandika. Jua likizuiwa chumba kinakuwa baridi, basi akachomeka na hita. Koko alimsihi mara tatu afungue. Akajibiwa kwamba hii ni ofisi, si boma.

Sola yetu ina betri mbili tu, na friji ya chanjo inategemea hizohizo. Siku moja friji ikaanza kulia king'ora cha umeme kupungua. Wakubwa wa Clemensi wakampigia simu: ikizimika, chanjo zinahamishiwa zahanati ya mbali. Mimi nilikuwa na mtoto wa miezi miwili mgongoni. Zingehamishwa, ningetembea naye siku nzima kwenye njia ya nyati. Niliogopa, sifichi.

Ijumaa Clemensi akashuka Karatu kusalimia kwao. Koko akatuita kina mama watatu. Tukashusha mapazia, tukaosha vioo vilivyokuwa na vumbi la tangu zahanati ifunguliwe, na yeye mwenyewe akapaka chokaa ukuta unaotazama dirisha la mashariki. Jumatatu jua likaupiga ukuta ule, chumba kizima kikang'aa, na sisi tulioketi kwenye benchi tukavua shuka za mabegani kwa joto.

Clemensi alisimama mlangoni akifinya macho. Akauliza mapazia yake yako wapi. Yalikuwa nje, mbuzi wameyalalia.

"Nani amepaka ukuta huu?" Koko akamuuliza.

"Ni wewe, Koko."

"Basi nyumba ni ya nani?"

Miaka miwili ya kukaa nasi ilimtosha kuijua sheria hiyo. Akatutazama tumsaidie, lakini sisi tulikuwa na kazi ya kucheka.

Hita ikarudi Karatu. Taa siku hizi huwashwa giza likiingia, friji haijalia tena, na mwanangu amechanjwa palepale, hatua chache kutoka nyumbani.

Juzi asubuhi upepo ulikuwa mkali. Nikamwona Clemensi akitoka, akavua kofia mbele ya Koko aliyekuwa akifagia uwanja.

"Koko, naomba nifunge dirisha kidogo."

Koko akalitazama jua, akamwambia bado, akisogeze kiti kwenye mwanga. Clemensi akaingia, akakisogeza.