Mifuko ya Salfa Chumbani

Nakumbuka mwaka wangu wa kwanza wa kumiliki mikorosho yangu mwenyewe, mwanangu, na mwaka huo huo ndio niliooa. Kijana akipata vitu viwili vipya kwa mpigo huwa hasikii la mtu. Nilijiona bwana shamba kweli kweli, kumbe hata chumba changu nilikuwa sikijui.

Kijijini kwetu, upande wa Mnazi Bay, msimu wa kupulizia mikorosho ukikaribia kila mtu anahangaika na salfa, ule unga wa njano wa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga usiharibu maua. Mwaka ule niliipata mapema, mifuko minane, na hofu ya wezi ikaniingia. Nikaipanga yote chumbani, upande wa ukutani, ikagusana na kitanda. Dirisha lilikuwa moja, dogo, nikaligongelea mbao ili mpita njia asichungulie. Mfuko mmoja ulikuwa umechanika pembeni. Nikasema moyoni, si kitu.

Mke wangu Zuhura, ambaye leo watoto wa mtaa mzima wanamwita Bibi, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Haikupita wiki akaanza kukohoa. Macho yakawa mekundu, kifua kikawa kinakoroma. Akaniambia, “Mume wangu, hiki chumba kinanikaba.” Nikamjibu kwamba wenzake kijiji kizima wanalala na salfa na hakuna aliyekufa. Nikamnunulia dawa ya kikohozi. Harufu ilipozidi, nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka nacheka kwa aibu: nikafukiza udi. Moshi juu ya vumbi, mlango umefungwa, dirisha limegongelewa! Nilidhani namdekeza.

Akaenda kwao Mikindani kupumzika. Siku ya nne nikaletewa salamu kwamba amepona. Akarudi, na kesho yake kikohozi kikaanza upya. Hapo ndipo nilipomwambia neno baya kuliko yote niliyowahi kumwambia. Nilisema, “Kwenu unapona, kwangu unaumwa. Kama umenichoka, sema.”

Alifunga nguo zake kwenye kanga, akaondoka asubuhi ile ile, na mimi kwa kiburi changu nikamwacha aende, na tumbo lake lile na kukohoa kule. Nakuambia kweli, mwanangu, mpaka leo linaniuma.

Baada ya siku tatu akaja mama yake, Mama Somoe. Alikuja mchana, peke yake. Nikamtandikia mkeka barazani, nikajiandaa kutukanwa. Hakutukana. Alikunywa maji, akaniuliza habari za shamba, akalisifu hata banda langu la kuku, ambalo halikuwa na lolote la kusifiwa. Kisha akasema:

“Baba, mimi chumbani kwa mkwe wangu siingii, mila zetu unazijua. Naomba uingie wewe. Funga mlango, ulale upande anaolala mwanangu. Mimi nakusubiri hapa hapa.”

Nikaona kichekesho. Mimi nilikuwa nalala upande wa mlangoni, tena nikitoka asubuhi sirudi mpaka jioni. Zuhura ndiye aliyelala ukutani, na ndiye aliyeshinda mle ndani akifagia. Basi nikaingia, nikajilaza. Nilipogeuka tu, ubavu wangu ukagonga mfuko uliochanika na unga ukanijia usoni. Nikajikaza, maana mkwe yuko nje na mimi ni mwanaume. Hata chai isingechemka kwa muda niliokaa. Pua ikawaka, macho yakabubujika machozi, kifua kikabana. Nikatoka mbio nikipiga chafya, nguo zote njano.

Hakunicheka. Alisubiri nimalize kukohoa, akaniuliza taratibu:

“Baba, ukienda shambani kupulizia hiyo dawa, unajifunga kitu puani?”

“Najifunga kitambaa, mama.”

“Na mwanangu ulimpa nini?”

Nililia mbele ya mkwe, jambo ambalo kwetu mwanaume halifanyi. Yeye akainuka, akaniaga kwa heshima kama alivyokuja.

Mchana huo huo nikaitoa mifuko yote nje, na siku zilizofuata nikajenga kibanda cha miti na udongo nyuma ya nyumba, mbali na jiko. Nikang’oa zile mbao. Nikatoboa dirisha la pili ukuta wa upande mwingine, upepo upate pa kuingilia na pa kutokea. Godoro nikalianika. Sakafu nikaifuta kwa kitambaa kibichi, maana ufagio mkavu ulikuwa unalirudisha vumbi hewani. Chandarua nikakifua mwenyewe, na majirani wakacheka sana.

Kisha nikaenda Mikindani. Nikamweleza Zuhura habari za dirisha na za kibanda, nikijisifu kidogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Dirisha nimelisikia. Na lile neno?”

Ndipo nilipoelewa kwamba vumbi peke yake lisingemtoa kwangu. Nikamwomba msamaha mbele ya mama yake, bila kuzungukazunguka: ulikuwa unasema kweli, na mimi sikukuamini. Alirudi nami. Mtoto akazaliwa salama. Kifua cha Zuhura kilichukua muda kutulia, lakini kilitulia.

Sasa ninyi, mwanangu, mna nyumba za tofali huko mjini, Magomeni na Shangani, na madirisha ya vioo mnayoyafunga kutwa kwa kuogopa vumbi. Yafungue asubuhi, hewa ipite chumba hadi chumba. Dawa za shamba, rangi na petroli ya pikipiki visilale na watu. Jiko la mkaa, hata mvua inyeshe vipi, usiliingize ndani ukafunga milango. Lile linaua, tena bila hata kukukohoza. Udi naupenda mno, ila fukiza dirisha likiwa wazi. Na anayeshinda ndani kuliko wewe akikuambia hapa hapapumuliki, usibishane naye. Nenda ukajilaze anapolala yeye. Bora zaidi, mwamini kabla hujajilaza.

Mimi nikiamka kwa swala ya alfajiri husimama kidogo kando ya kitanda, nikamsikiliza Zuhura anavyopumua. Akijua atanitania mwezi mzima. Mungu akujaalie nawe, mwanangu, uwe na wa kumsikiliza hivyo mpaka uzeeni, na chini ya paa lako asikose pumzi hata mtu mmoja. Amina.