Siku ya Kung'oa Joistiki

Mimi ni mwoga, na nalisema mapema ili mtu asije akanitafutia ushujaa humu ndani. Naogopa mbwa. Naogopa zile barabara za Houston zinazopanda moja juu ya nyingine mpaka gari inakuwa hewani. Naogopa simu ikilia nikiwa kazini. Lakini katika yote yaliyonitisha tangu nifike Texas, hakuna lililonikamata kama mashine ya gemu ambayo mume wangu aliileta nyumbani miaka ya tisini ikielekea kwisha.

Aliitoa Arlington. Huko ndiko tulikoanzia maisha, kwenye fleti isiyo na mashine ya kufulia, kwa hiyo kila wiki tulibeba nguo zetu kwenda kufua kwenye duka la mashine za sarafu. Kwenye kona ya duka lile palikuwa na kabati refu la mbao lenye skrini na joistiki mbili, vile vijiti vya kuchezea gemu. Mume wangu wakati huo hakuwa na kazi wala mtu wa kuzungumza naye, basi nguo zikizunguka yeye alisimama pale akicheza. Alikuwa akisema ndipo mahali pekee Amerika alipowahi kushinda. Baadaye tukahamia Missouri City, kando ya Houston, yeye akaendesha teksi, mimi nikapata kazi ya kuhudumia wazee, tukapanga nyumba yenye gereji. Siku aliyosikia kwamba duka lile linafungwa na mwenyewe anaitupa mashine, aliazima pikapu ya rafiki yake, akaifuata mpaka Arlington na kurudi nayo, akaiteremsha gerejini huku anachekacheka kama bwana harusi.

Ilikuwa mbovu. Joistiki moja ilikwenda vizuri, ya pili ilikuwa imelala upande wa kushoto na haitaki kuinuka. Watoto wa watu walikuwa wameimwagia soda miaka nenda miaka rudi, sukari imeshuka ndani ikawa gundi, na chini ya ubao wa joistiki nati na bolti zimeshikana kwa kutu. Ukizungusha nati, na bolti inazunguka nayo, kwa kuwa tundu lake kwenye mbao limelegea. Ilitakiwa mtu mmoja akabe kichwa cha bolti kwa juu na mwingine azungushe nati kwa chini. Na ule ubao haukufunguka, maana makomeo yake yako ndani. Njia iliyobaki ni kulala sakafuni, uingize mkono kwenye kijimlango cha sarafu, uupeleke juu ukipapasa gizani.

Mimi nilikataa katakata kuingiza mkono wangu humo. Rafiki yake mwenye pikapu alikuwa ametuambia kwamba kioo cha mashine hizi, kama televisheni za zamani, kinaficha umeme hata ukichomoa waya, na ukikigusa pabaya kinakurusha. Maneno hayo yaliniingia mwilini. Nilimlazimisha mume wangu avae ndara za mpira, nikamvisha na glavu zangu za kuoshea vyombo. Akiwa gerejini mimi nilikuwa jikoni nimetega sikio, na akinyamaza kidogo tu nafungua mlango kuhakikisha yu hai.

"Nime-unplug tangu juzi," alikuwa akiniambia. "Wewe utakufa kwa presha kabla mimi sijafa kwa umeme."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa pili, kuna kile kibaridi cha Houston kinachoingia mifupani kwa unyevu. Kwa ajili ya baridi hiyo alikuwa ameufunga mlango mkubwa wa gereji. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa, alikuwa amejipumzisha chumbani. Nilimpelekea mume wangu chai. Nilipofungua tu mlango wa jikoni unaoingia gerejini, harufu ya petroli ikanipiga usoni mpaka macho yakaniwasha.

Alikuwa amelala ubavu sakafuni, mkono wa kulia umezama ndani ya mashine mpaka kwapani. Pembeni yake lilikuwa galoni la petroli ya mashine ya kukatia majani, halina kifuniko.

"Hiyo petroli ya nini?"

"Kutu," alisema, shavu limebanwa kwenye mbao. "Marehemu baba nati zote za baiskeli alizilowesha kwa mafuta ya taa. Hapa mafuta ya taa sikuyaona. Nikasema petroli ni ndugu yake. Nimeimwaga kwa juu, acha ishuke."

Na ilikuwa imeshuka kweli. Ilikuwa inadondoka ndani ya kabati, inafuata mkono wake, imelowesha sweta, imetengeneza kidimbwi chini yake na mchirizi mrefu kwenye saruji. Siku hizi najua kwamba kila duka la vifaa huuza mafuta ya kopo ya kupuliza, na ndiyo yaliyokuja kuing'oa ile joistiki wiki nyingine, ikatoka na donge jeusi la sukari chini yake. Siku ile hakuna aliyelijua hilo. Kwetu sote wawili petroli ilikuwa kitu kinachonuka tu, kibaya ukiwasha kiberiti. Na nani angewasha kiberiti?

Nilifuata ule mchirizi kwa macho nijue nitapangusa wapi. Ulikuwa unaelekea kona ya gereji, kwenye hita ya gesi ya kuchemshia maji.

Mume wangu hakulijua jambo la ile hita. Wiki tuliyohamia, maji ya moto yalikatika akiwa kazini, na mwenye nyumba akamtuma fundi. Yule fundi aliniinamisha mpaka chini, akanionyesha kidirisha kidogo kwenye kitako cha hita, na ndani yake kijimoto cha buluu kisichozidi ukucha. Kinawaka hivyo mchana na usiku, alisema, hakizimwi. Halafu aliinua kidole na kusema mengi kwa haraka, na Kiingereza changu cha siku zile kiliokota maneno mawili tu: petroli, na kamwe. Niliitikia kwa kichwa kama tunavyoitikia wote tusipoelewa. Kwetu mtu hukoka moto anapopika, kisha huuzima. Ingenipitikiaje kwamba kuna moto unaoishi ndani ya nyumba peke yake?

"Toka," nikasema. "Toka humo, toka sasa hivi!"

"Siwezi. Mkanda wa saa umenasa kwenye komeo. Hebu njoo unisaidie."

Nilitaka kupiga kelele nikaogopa hata kelele. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kufungulia mlango mkubwa, nikakirudisha kana kwamba kimeungua, maana mlango ule unavutwa na mota, na sikujua mota inatoa cheche au haitoi. Taa ilikuwa inawaka, nikaiacha. Nilivua viatu, sijui kwa nini. Nilikuwa na njia mbili: kurudi jikoni nikamchukue mama mkwe tukimbie, au kwenda kwenye ile kona. Nasema kweli, miguu yangu iligeuka jikoni. Kisha nikamsikia anakohoa pale chini, amekaa kunisubiri kama mtu anayesubiri chai yake, nikageuka tena.

Nilitembea pembezoni mwa ukuta nikiuruka mchirizi. Nilipiga magoti mbele ya hita, uso wangu umekaribia kidirisha, na kile kijimoto kilikuwa kinachezacheza ndani, kitulivu kabisa. Nilisoma shahada. Niliwaza kwamba nikivuta pumzi nitakivuta kije. Swichi ya gesi ilikuwa ya mviringo na ngumu, ikakataa mara ya kwanza, vidole vyangu vinateleza kwa jasho. Nikaibonyeza, nikaizungusha kwa mikono miwili, ikalia tak. Kidirisha kikawa cheusi.

Sikuwa nimeinuka bado nikasikia maji yanakimbia kwenye mabomba. Mama mkwe alikuwa ameamka, amefungua bomba la maji ya moto atie udhu. Kila yanapofunguliwa hayo maji, hita huwaka moto mkubwa wenye mvumo. Niliiangalia na kuiangalia. Ilinyamaza.

"Nyie!" sauti ya mama mkwe ikatoka ndani. "Maji yamefanyani? Baridi kama barafu!"

"Ngoja kidogo, Mama," nikamjibu, na nilishangaa jinsi nilivyoitika kwa adabu.

Nilivuta ile kamba nyekundu inayouachanisha mlango mkubwa na mota, nikauinua kwa mikono, upepo ukaingia. Ndipo nilipochukua mkasi jikoni nikaenda kwa mume wangu. Nilikata sweta begani ilipokuwa imeziba nafasi, nikapenyeza mkono wangu kwenye kile kijimlango nilichoapa sitauingiza, nikaufyatua mkanda wa saa. Nikamburuta mpaka nje kwenye majani.

Alikuwa amekasirika. "Umenikatia sweta kwa sababu ya harufu? Na maji ya Mama umeyazima ya nini?"

Nilimweleza juu ya moto. Aliniangalia vile wanavyotuangalia wanaume wakishaamua kwamba tumetia chumvi. Harufu ilipopungua alirudi ndani, akalala kifudifudi mbele ya hita, akaweka jicho kwenye kidirisha.

"Mbona sioni moto hapa?"

"Huuoni kwa sababu nimeuzima."

Alibaki pale chini, kisha nikaona macho yake yanatoka kwenye kidirisha, yanafuata mchirizi pole pole mpaka kwenye mashine, mahali alipokuwa amelala, yanarudi kwenye mkono wake. Sweta ilikuwa bado imelowa mpaka begani. Alikaa kitako akajaribu kuivua. Aliishika pindo, akaiacha, akaninyooshea mkono uliolowa. Nilimvua mimi.